Mjomba na Damu Iliyokataa Kuganda

Mama alipofariki nilibaki na watu wawili: bibi mzaa mama, na mjomba, mtoto wake wa mwisho. Baba alikuwa amekwenda kukata mkonge huko mabondeni, akaoa huko huko, na kwetu jambo hilo halikumshangaza mtu. Mtoto kwa Waluguru ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye mtoto. Basi nikawa wa mjomba, na sijui kama kuna mtu aliyekuwa na baba mzuri kuliko mjomba yule.

Hakuwa mtu wa kutazamwa. Mfupi, masikio makubwa, visigino vimepasuka kwa baridi ya kule juu. Alilima kabichi na njegere kwenye mteremko ambao ukiangusha kiazi unakwenda kukiokota mtoni. Alifuga nguruwe. Jumapili alivaa koti lake, akaimba kanisani kwa sauti kubwa isiyofuatana na ya wenzake, na akina mama wa mbele wakageuka kumtazama. Yeye alidhani wameipenda. Kunipiga hakuweza. Nikikosa, alikaa kwenye kigoda, akavuta pumzi, akasema, "Mpwa wangu, sasa nikufanye nini?" Namwambia, "Nisamehe." Anasema, "Haya." Yamekwisha. Bibi alisema ndiyo maana nimekuwa mkaidi. Si kweli. Mkaidi nilizaliwa.

Sasa mjomba alikuwa na mtani. Mtu huyu alikaa ng'ambo ya mto, na ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu zamani ambazo hata wazee hawakuzijua. Alikuwa Mwislamu, mrefu, mwembamba, na kazi yake ilikuwa kuuza chumvi, sabuni na sindano, anapanda na kushuka milima na kapu kichwani. Utani wa siku hizi ni wa kuchekeshana kwenye harusi. Wa wakati ule ulikuwa na haki zake. Mtani akija kwako akampenda kuku wako, anamkamata na kuondoka naye, na wewe huna la kufanya isipokuwa kumtukana mpaka apotee njiani. Na ukifa, yeye ndiye anayekuchimbia, na anakusema vibaya mpaka kaburini, watu wanacheka huku wanalia.

Huyu wetu hakupiga hodi kama watu wengine. Alisimama uani akaita, "Wenye nyumba mpo, au mmekwisha zikwa?"

Bibi alimjibu kutoka jikoni bila kuinua kichwa, "Tumebakiza shimo moja. Ni la kimo chako."

"We bibi, bado unamaliza ugali wa watu? Mauti yamekusahau?"

"Yalipita jana yakikuulizia. Nikayaonyesha njia ya kwako."

Kisha aliketi, akala, akafungiwa na cha kwenda kula njiani. Kwa mjomba ndiyo usiseme. "Mtani, ukifa nitakuzika wima. Ulivyo mfupi, nikikulaza napoteza shimo bure." Mjomba naye, "Wewe tutakukunja kama mkeka, tukufunge na kamba." Walicheka mpaka mjomba akajifuta machozi kwa kiganja. Sijawahi kuona wanaume wawili wakipendana namna ile, na sijawahi kusikia hata mara moja wakiambiana neno zuri.

Alikuwa na mchezo wake mmoja mbaya. Alipanda kilima cha ng'ambo, akashika kichwa, akapiga ukunga: "Jamani, amekufaaa! Baba wa nguruwe amekufaaa!" Mara ya kwanza watu waliacha majembe mashambani, wanawake wakaja mbio wamejifunga khanga kiunoni, wakamkuta mjomba mlangoni anatafuna muhogo. Walimtukana yule mtani mpaka sauti zikakauka. Lakini aliurudia mchezo, akaurudia tena, hata ikawa mtu akiuliza, "Nani yule anapiga kelele?" watoto wanajibu, "Mtani wa mjomba. Anamzika tena."

Mambo haya ninayoyaandika yalitokea miaka ile tulipokuwa tunalazimishwa matuta. Serikali ya Waingereza ilitaka kila mtu achimbe shamba lake lifanane na ngazi. Mjomba alichimba kwa hasira, na katika hasira hiyo akajikata muundi wa mguu kwa jembe. Kidonda hakikuwa kikubwa. Kilikuwa kimekwisha kushika ganda jeusi, gumu, na hakuna aliyekifikiria tena.

Mimi nilikuwa msichana mkubwa, nimekwisha kutoka uwali. Asubuhi moja mjomba akaniambia nichukue kibuyu na majani makavu ya kutia moshi, tukarine asali. Mizinga yake ilikuwa juu ya miti mwisho wa shamba, pale msitu unapoanzia. Yeye akapanda, mimi nikabaki chini na moshi wangu. Nikamwona anapeleka mkono kwenye majani ashike tawi. Halafu akasema, "Ala!"

Alikuwa ameshika nyoka. Nyoka yule alikuwa wa kijani kama jani changa la mgomba, mwembamba, macho makubwa yasiyolingana na kichwa chake, na alikuwa amemuuma kwenye shina la kidole cha shahada. Hakuuma akaachia kama nyoka wengine. Aling'ang'ania, na taya zake zikawa zinakwenda, anatafuna, kama mtu anayetafuna muwa. Mjomba akakung'uta mkono, wapi. Akamvuta kwa mkono wa pili, akamtupa chini, akateremka upesi, akachukua panga, akamkata juu ya jiwe.

Nilikuwa nimeanza kulia. Mjomba akanicheka.

"Huyu wa mitini hana kitu, mpwa wangu. Huyu anakula ndege na vinyonga. Angekuwa kifutu ningekwambia ulie."

Na kweli, kwetu wote tuliamini hivyo. Nyoka wa kuogopwa ni wa chini, yule mnene anayelala njiani na kujivimbisha. Wa mitini tulimhesabu sawa na kamba. Mkono haukuvimba. Maumivu hayakuwapo. Palikuwa na alama ndogo tu, damu inachuruzika kidogo, mjomba anainyonya na kutema.

Wakati huo huo yule mtani akatokea njiani na kapu lake. Akatazama nyoka, akamgeuza kwa kijiti. Damu ya nyoka pale juu ya jiwe ilikuwa imekwisha kushikamana, nzito, nyeusi, unaweza kuiinua kwa kijiti kama ukoko wa uji. Kisha akatazama kidole cha mjomba, bado kinadondosha.

"Mtani," akasema, "mwenzako amekufa na damu yake imekwisha tulia. Wewe unasema mzima, yako bado inatembea. Hapa maiti ni nani?"

"Yangu ina shughuli," mjomba akasema. "Yako ndiyo haina kazi."

Tukacheka, tukarina asali, tukateremka. Mtani akamfunga yule nyoka kwenye jani la mgomba, akamtia kapuni. Alisema atakwenda kuwatishia wake wa watu awauzie sabuni. Ndivyo alivyokuwa. Mchana mvua ikanyesha, mto ukajaa, akalala kwetu.

Asubuhi mimi na bibi tulikuwa jikoni. Mtani akaingia, akainama mlangoni kwa urefu wake.

"Bibi, mwanao anakufa," akasema. "Anatema damu huko nje."

"Leo umewahi," bibi akasema. "Hata uji haujachemka."

"Nasema kweli. Fizi zote zinatoka damu."

"Basi kachimbe. Jembe liko pale."

Nikacheka. Nani asingecheka? Mjomba mwenyewe akaingia nyuma yake, mswaki wa mti mkononi, akasema mswaki ulikuwa mgumu umemchoma. Meno yake yalikuwa mekundu. Akasukutua maji akatema, yakatoka mekundu. Akasukutua tena, yakatoka vile vile. Bibi akamwambia apunguze nguvu, yale ni meno si sufuria. Mtani akamshika mjomba mguu, akauinua kama mguu wa mbuzi. "Tazameni na huku!" Kile kidonda cha muundi kilikuwa kimefunguka. Lile ganda gumu lilikuwa limelainika, limeondoka, na damu inateremka mpaka kwenye kisigino, nyembamba kama maji yaliyooshewa nyama.

"Umekigusa wewe," mjomba akasema. "Umekibandua nilipolala, upate la kusema."

"Mtani, sijakigusa."

"Ulikibandua. Nakujua."

Na bibi anacheka, na mimi nacheka, na mjomba naye anacheka kwa meno mekundu.

Hapo yule mtu akavua kofia yake. Akaja mbele ya bibi, akapiga goti, kule jikoni, kwenye majivu. Akasema, "Shikamoo, mama."

Tangu nizaliwe sikuwahi kumsikia akimpa bibi shikamoo. Alimwita mchawi, alimwita mzoga, alimwita bibi wa kunguru. Shikamoo, hapana. Bibi mwiko ukamdondoka. Mjomba akamtazama mtani wake aliyepiga goti, kisha akakaa chini taratibu, kama mtu aliyeambiwa sasa hivi kwamba anaumwa.

"Tumpeleke wapi?" bibi akauliza.

"Mjini. Hospitali."

"Mchukueni." Akanitazama mimi. "Na wewe nenda. Mimi nitabaki na nguruwe." Akaokota mwiko, akaufuta, akaupangusa tena, akaendelea kuufuta hata tulipoondoka.

Tulimchukua kwa machela, majirani wakipokezana, mpaka barabarani panapopakiliwa mboga. Lori lilikuwa limejaa kabichi. Dereva aliona khanga tuliyomfunga mjomba mdomoni ilivyolowa damu, akatoa magunia tukampandisha. Tukateremka milima, tukapita Mzumbe, mjomba kichwa kimelala mapajani kwangu, na kila lori liliporuka akanipa maagizo. Jike la nguruwe mwenye doa asiuzwe, ana mimba. Njegere za tuta la juu zivunwe kwanza. Koti la Jumapili apewe nani. Nikamwambia anyamaze. Mtani amekaa juu ya kabichi, amekumbatia kapu lake.

"Mtani," mjomba akamwambia, "ukinizika, usinizike wima. Yale ya kukukunja nilikuwa natania."

Mtani akatazama pembeni, akajifuta macho. "Kabichi zenu chungu," akasema.

Hospitali ya mjini tulimkuta daktari wa Kihindi, mtu mzima, mwenye miwani, aliyesema Kiswahili bila kuhangaika. Mtani akafungua kapu, akatoa lile jani la mgomba. "Nimemleta na mshitakiwa," akasema, lakini sauti haikuwa ya mzaha.

Daktari akafungua kinywa cha nyoka kwa kijiti, akatuonyesha. Meno ya sumu ya nyoka huyu hayako mbele. Yako nyuma, chini ya macho. Ndiyo maana anatafuna: mpaka ayafikishe. Akiuma akaachia upesi, mara nyingi hapati mtu. Huyu alikuwa amempata.

Akamchoma mjomba sindano, akavuta damu kidogo, akaitia kwenye kichupa chembamba cha kioo, akanipa mimi.

"Binti, shika kiganjani. Ipate joto la mwili. Usiitikise."

Nikaishika. Damu ya mjomba iko mkononi mwangu, naisikia ina joto. Tukangoja. Tulingoja muda wa kupika ugali na kuula. Daktari akaja, akakichukua kichupa, akakilaza. Damu ikakimbia upande mmoja kama maji. Akakiinamisha upande wa pili, ikakimbia tena. Akasema ya mtu asiyeumwa ingekuwa imekwisha kuganda, ukikipindua kichupa haitoki.

Mtani akamuuliza, "Daktari, mbona ya nyoka mwenyewe iliganda pale pale juu ya jiwe? Si ndiye mwenye sumu?"

Daktari alipenda swali lile. Alivua miwani. Alisema sumu ya nyoka haiko kwenye damu yake, inakaa kwenye mfuko wake kinywani. Na damu ya nyoka ina tabia yake. Ukimkata, damu ikagusa nyama iliyochanika, inafunga upesi. Lakini ukiivuta kutoka mshipani mwake bila kugusa nyama, ukaitia kwenye kioo safi, inaweza kukaa muda mrefu sana bila kuganda. Damu ya nyoka inangoja nyama iiambie kwamba kuna jeraha. Ya mtu haina subira hiyo, ikigusa kioo tu inaanza kuganda.

"Kumbe nyoka ana damu yenye adabu," mtani akasema.

"Na ya mjomba?" nikauliza mimi.

Alinieleza, na mimi nililielewa jambo lile kwa njia ya jikoni. Damu ina kitu chake cha kuifanya iwe nzito, kama uji ulivyo na unga. Sumu ya nyoka huyu inaigandisha damu humo humo mwilini, vipande vidogo vidogo visivyoonekana, mpaka ule unga wote umetumika bure. Kinachobaki ni maji mekundu. Koroga mpaka jioni, uji hauwi mzito. Tena kuna la pili. Mwili wa kila mtu una kazi ya kugandisha na una kazi ya kuyeyusha. Ganda likikaa siku zake, mwili wenyewe unaliyeyusha kidogo kidogo, mshipa uwe wazi. Kwa mjomba ile kazi ya kwanza ilikuwa imekufa, na hii ya pili inaendelea, tena kwa haraka. Ndiyo sababu hata kidonda kilichokwisha kufunga kikafunguka.

"Dawa ya nyoka huyu sina," daktari akasema. "Lakini naweza kumpa damu ya mtu mwingine, mbichi, yenye unga wake. Tukiwahi."

Akachukua tone langu, akalichanganya na la mjomba kwenye kigae cheupe. Yakavurugika, yakawa chengachenga. Nililia pale. Mpwa wake mwenyewe, ukoo mmoja, na damu yangu haimfai! Daktari akasema ukoo hauhusiki hapa. Akachukua tone la mtani. Likakaa laini, zuri, halina shida.

Mtani akarudi nyuma hatua. "Mimi? Yule anakula nguruwe!"

"Lala hapa," daktari akasema.

Akalala. Mtu mrefu vile, miguu inaning'inia nje ya kitanda, amefumba macho kabla hata sindano haijafika. "Taratibu, daktari. Damu hii haijawahi kuonja nguruwe."

Kutoka kitanda cha pili sauti ndogo ya mjomba ikasema, "Itazoea."

Hapo ndipo nilipojua bado yupo.

Damu ikajaa kwenye chupa, chupa ikatundikwa, ikaingia kwa mjomba kidogo kidogo. Baadaye daktari akavuta tena, akanipa kichupa kingine. Nikakishika kiganjani, nimekibana kifuani, sitaki hata kupumua sana. Nikasali Salamu Maria zote nilizozijua. Nilipokilaza, haikukimbia. Ilitikisika kama ute wa yai, lakini haikukimbia. Nikapiga kigelegele mle wodini, wagonjwa wakaamka. Mtani akaruka: "Damu yangu hiyo! Mwaona? Ya kwake ilikuwa imeshindwa!" Hata muuguzi akacheka.

Nikakiweka kichupa dirishani, nikampangusa mjomba mdomo. Niliporudi kukitazama, nimkejeli mtani kwa kelele zake, nikakiinamisha. Ikakimbia.

Nilidhani nimekosea kichupa. Hapakuwa na kingine. Ile damu iliyokuwa imeshikamana ilikuwa imejiachia, imeyeyuka, imerudi maji. Nikamtazama mjomba: khanga niliyokuwa nimeibadilisha sasa hivi ilikuwa imelowa tena.

Daktari alikitazama dirishani, kwenye mwanga, kwa muda. "Iliganda, ikayeyushwa," akasema. "Inataka damu nyingine. Lakini huyu bwana siwezi kumtoa tena, ataanguka yeye."

"Nitoe," mtani akasema.

"Siwezi."

"Nitoe, daktari. Mimi mrefu, iko nyingi."

"Bwana, hapana. Tafuteni mtu mwingine, upesi."

Mtani akasimama, akayumba, akashika ukuta. Akavaa kofia yake, akatoka. Sikujua anakwenda wapi. Nilijua tu kwamba katika mji ule sina mtu, na kwamba bibi yuko juu mlimani anafuta mwiko.

Alikuwa amekwenda sokoni. Watu wa ukoo wetu waliteremsha mboga pale, na yeye ni mtani wao wote. Walinisimulia wenyewe. Alifika ameinama kama mzee, uso umekuwa wa kijivu, wakaanza kukumbatia kuku na vikapu vyao kama kawaida akija. "Mwizi huyo! Leo unachukua nini?" Akasema, "Leo sitaki kuku. Leo nachukua watu." Akamshika mkono mmoja, akamshika wa pili, na hakuna aliyeukataa mkono wake, maana haki ya mtani ni haki. Wakaja nyuma yake mstari mzima, wengine bado wameshika kabichi, mpaka mlangoni kwa daktari.

Matone yakajaribiwa kwenye kigae. Aliyepatana alikuwa mama mmoja mnene, muuza karoti, mwenye sauti ya kusikika hata ukiwa ng'ambo ya soko.

"Shikamoo, mama," nikamwambia, na machozi yananitoka.

"Marahaba, mwanangu. Usilie. Mimi damu ninayo, we hunioni?" Kisha akamgeukia mtani. "Na wewe mlingoti, ukishanichukua hii, kapuni kwangu usirudi mwaka mzima."

"Nitarudi kesho," mtani akasema. "Nimeona una nyingi."

Akalala, akatoa, akaamka, akauliza kama kuna chai, akarudi kwenye karoti zake. Chupa yake ikaingia kwa mjomba, na mtani akaikalia macho tone kwa tone kama mtu anayepimiwa mafuta ya taa.

Usiku ukapita. Asubuhi daktari akavuta tena damu, akanipa kichupa. Damu ikashika, kama jana. Safari hii sikupiga kigelegele, na mtani hakuruka. Tulikaa tumekitazama. Jua likaingia dirishani, likateremka ukutani. Damu ikazidi kujikaza. Ikajivuta katikati, ikawa ndogo, nyeusi, imara kama ini lililopikwa, na pembeni yake yakatoka maji ya rangi ya chai nyepesi. Nikaogopa maji yale. Nikamwita daktari, nikamwambia inayeyuka tena.

Akakitazama. Akakipindua juu chini kabisa. Yale maji yakateremka, na lile ganda likabaki pale pale lilipo.

"Haiyeyuki," akasema. "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Ikishaganda vizuri inajibana yenyewe, inakamua maji yake." Akaenda akafunua mdomo wa mjomba kwa kidole. Fizi zilikuwa zimepauka, lakini kavu. Akafungua kitambaa cha muundi. Kidonda kilikuwa kimeshika.

Mtani akaomba ashike kichupa. Akakipindua mara moja, akakirudisha mkononi mwangu, akakaa sakafuni kama mtoto, mgongo kwenye kitanda cha mjomba. Nikamwinua, nikamtoa nje kwenye jua, nikamkalisha kwenye ngazi. Hakuwa ametia kitu tumboni tangu atolewe damu. Palikuwa na uji wa mjomba, wa moto, na mjomba tangu tufike alikuwa hataki hata kuunusa. Nikampa. Akaunywa wote, akalamba na kikombe.

Nikarudi ndani. Mjomba amefumbua macho, ananitazama.

"Mpwa wangu," akasema, "nina njaa. Uji wangu uko wapi?"

"Kanywa mtani."

"Wote?"

"Wote."

Akajaribu kuinua kichwa kutoka kwenye mto. "Mwizi! Mwambie aurudishe."

Kutoka nje kwenye ngazi sauti ikajibu, nyembamba, lakini ni ile ile: "Utafute humo mwilini mwako! Si nilikupa chupa nzima?"